Je, Wajua? Kinga ya Jua Haihitaji Vioo vya Giza

Ubishi wa vioo vya giza kwenye magari haukuanza leo. Polisi wanasema wahalifu hujificha humo. Wenye magari wanasema jua linawachoma, foleni ni ndefu na vibaka wanachungulia simu na mikoba. Kila upande una lake la kweli. Hapa tumekusanya mambo ambayo wengi hawayajui kuhusu kioo cha gari: sheria za nchi mbalimbali, hesabu za mwanga, macho, ngozi, na watu wanaonufaika na giza hilo. Msimamo wetu tunausema mapema. Karibu kila sababu njema ya kuweka tinti ina suluhisho lisilotia giza. Basi anayeshika usukani aonekane, na anayebeba abiria kwa nauli aonekane zaidi.

Je, wajua kwamba India ilipiga marufuku tinti takriban miezi minane kabla ya tukio lililoitikisa nchi nzima?

Tarehe 27 Aprili 2012, Mahakama ya Juu ya India ilitoa uamuzi mzito katika shauri lililofunguliwa na raia kwa maslahi ya umma. Mlalamikaji alieleza kwamba magari yenye filamu nyeusi yanatumika katika utekaji, ujambazi na udhalilishaji wa wanawake. Kanuni ya 100 ya Kanuni za Magari za mwaka 1989 ilikuwa tayari inataka kioo cha mbele na cha nyuma vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga, na vya pembeni asilimia 50. Mahakama ikasema kiwango hicho kitoke kiwandani pamoja na kioo chenyewe. Kubandika filamu juu yake, iwe nyeusi au nyepesi, hapana. Utekelezaji ukaanza Mei 4.

Usiku wa Desemba 16 mwaka huohuo, mwanafunzi wa miaka 23 na rafiki yake walipanda basi la binafsi kusini mwa Delhi. Basi lilikuwa na vioo vya giza na mapazia. Kundi la wanaume lilimbaka mwanafunzi huyo na kumpiga vibaya mno, huku gari likizunguka katika barabara za jiji na kupita vizuizi vya polisi bila kusimamishwa. Alifariki Desemba 29 hospitalini Singapore. Maelfu waliingia mitaani kuandamana. Serikali ikaagiza mabasi yaondolewe filamu na mapazia, na taa za ndani ziwashwe usiku.

Katazo lilikuwepo wakati basi lile linatembea. Halikuzuia chochote, kwa sababu hakuna aliyelisimamisha basi hilo. Hilo ni somo la kwanza kwa kila anayedhani kazi inaisha tangazo la marufuku likishasomwa redioni. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2024, Mahakama Kuu ya jimbo la Kerala iliamua kwamba, kwa kuwa kanuni zilikuwa zimebadilishwa, filamu inayobaki ndani ya kipimo cha asilimia 70 na 50 inaruhusiwa. Mzigo ukarudi palepale: kupima.

Je, wajua kwamba Kenya nayo iligeukia vioo vya matatu baada ya mabomu?

Septemba 21, 2013, magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Mwaka uliofuata mashambulizi yaliendelea. Mei 4, 2014, mabasi mawili yalilipuliwa kwenye Barabara ya Thika. Siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba vioo vya giza havitakubalika tena kwenye magari ya abiria. Hoja ilikuwa rahisi: askari aliye barabarani, na hata abiria anayesubiri kituoni, awe na uwezo wa kuona ndani kabla ya kupanda.

Abiria wa matatu au daladala hamjui dereva, hamjui konda, wala hawajui wenzake walioketi ndani. Kinga yake ni macho ya watu wa nje: mama lishe wa kituoni, dereva wa gari la jirani kwenye foleni, trafiki wa njia panda. Ukiweka tinti umemnyang'anya kinga hiyo bila kumuuliza. Pazia zito la basi nalo linafanya kazi ileile.

Je, wajua kwamba hakuna kioo cha gari kinachopitisha mwanga wote?

Hata kioo unachokiona cheupe kabisa hunyonya na kurudisha sehemu ya mwanga. Vioo vingi vya pembeni vinavyotoka kiwandani, ambavyo kwa kawaida vina rangi hafifu ya kijani, hupitisha kati ya asilimia 70 na 80 na zaidi kidogo. Ndiyo maana asilimia 70 imekuwa namba inayojirudia katika sheria za nchi nyingi. Tazama kwa haraka:

- Uingereza: gari lililoanza kutumika Aprili 1, 1985 au baadaye, kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75 na vioo vya pembeni mwa dereva asilimia 70. Vya nyuma ya dereva havina kikomo.
- Ufaransa: tangu Januari 1, 2017, vioo vya mbele vya pembeni vipitishe angalau asilimia 70. Ukikiuka, faini ni yuro 135 na pointi tatu zinapungua kwenye leseni.
- Japani: asilimia 70 kwa kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva, nyuma ni hiari.
- Ujerumani: huruhusiwi kubandika filamu kwenye vioo vya pembeni mwa dereva, na inayobandikwa nyuma lazima iwe na alama ya idhini.
- Afrika Kusini: kioo cha mbele asilimia 70, vingine asilimia 35.
- Umoja wa Falme za Kiarabu: tangu Julai 2017, tinti inaruhusiwa kufikia asilimia 50, kabla ya hapo ilikuwa 30. Anayezidisha hutozwa dirham 1,500.
- Marekani: kila jimbo lina lake. New York inataka asilimia 70 na tangu 2017 tinti hupimwa katika ukaguzi wa kila mwaka wa gari. Texas inakubali asilimia 25. Michigan inaruhusu filamu kwenye vioo vya mbele vya pembeni katika inchi nne za juu tu.

Angalia zinavyofanana. Nchi nyingi hazikukataza tinti moja kwa moja. Zimegawa gari sehemu mbili. Mbele, anapokaa dereva, pawe wazi. Nyuma pana nafuu.

Je, wajua kwamba filamu ya asilimia 50 haikupi asilimia 50?

Hapa ndipo wenye magari wengi wanapokamatwa bila kujua kosa lao. Filamu ya 50 inapitisha nusu ya mwanga uliofika kwake, na mwanga huo umeshapunguzwa na kioo. Hesabu ni ya kuzidisha. Kioo cha asilimia 75 ukikibandika filamu ya 50, kinachobaki ni asilimia 37.5. Ukibandika filamu ya 35 juu ya kioo hichohicho, unabaki na takriban asilimia 26. Na ukibandika filamu yoyote yenye rangi kwenye kioo cha asilimia 70, umeshashuka chini ya kiwango cha nchi zote zinazotaka 70.

Ukitaka kuelewa kazi yenyewe, simama karibu na fundi wa tinti anapofanya gari moja. Anaosha kioo kwa maji ya sabuni mara kadhaa, kwa sababu chembe moja ya vumbi ikibaki itaacha kiuvimbe kisichotoka. Analaza filamu upande wa nje wa kioo ili apate umbo, anaikata kingo kwa wembe, kisha anabandua karatasi nyembamba inayolinda gundi. Ananyunyizia maji tena, anaihamishia ndani, anaitelezesha mpaka ikae sawa, halafu anaikamua maji kwa raba kuanzia katikati kwenda pembeni. Kioo kinashinda siku kadhaa kikikauka, ndiyo maana anakuambia usikishushe upesi. Kazi ya mikono hodari kabisa. Mara nyingi, hata hivyo, fundi hana kipimo cha mwanga. Anauza kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, na namba ya boksi si namba ya kioo.

Filamu za bei rahisi hupakwa rangi tu. Jua likizipiga muda mrefu, rangi hiyo hufifia na kuwa ya zambarau, na gundi huanza kufanya mapovu. Dereva anayetazama kupitia mapovu hayo usiku wa mvua anajua taabu yake.

Je, wajua kwamba kioo chenyewe kimeandikwa kiwango chake?

Nenda kwenye kona ya chini ya kioo cha gari lolote. Utaona alama ndogo zilizochomwa kwenye kioo. Kwenye magari yaliyofuata kanuni ya Umoja wa Mataifa utaona herufi E ndani ya duara na maandishi 43R. Namba ya Kirumi V karibu nayo ina maana kioo hicho kinapitisha chini ya asilimia 70. Kwenye vioo vinavyofuata mfumo wa Marekani utaona AS1 au AS2 kwa vilivyotimiza asilimia 70, na AS3 kwa vilivyo chini yake. Alama hizo zinakuambia kioo kilivyotoka kiwandani. Filamu iliyobandikwa baadaye haisomeki hapo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Magari mengi ya mitumba yanayoingia Tanzania, Kenya na Uganda yanatoka Japani, kwa kuwa nao huendesha upande wa kushoto. Na kwa sababu Japani haina kikomo kwa vioo vya nyuma ya dereva, magari ya familia kama Noah, Alphard na Harrier huja na vioo vya nyuma vyenye giza lililochanganywa ndani ya kioo chenyewe. Hakuna fundi anayeweza kulibandua. Agizo la "toa tinti zote" linamwacha mwenye gari la namna hiyo njia panda: abadilishe kioo kizima, au ajadiliane na askari kila kizuizi. Sheria inayotaja namba, na inayotofautisha mbele na nyuma, inamwondolea mzigo huo.

Je, wajua kwamba aliye nje anaona giza zaidi kuliko aliye ndani?

Ili mtu wa nje amwone abiria, mwanga wa jua unapaswa kuingia kupitia kioo, umgonge abiria, kisha urudi nje kupitia kioo. Unapunguzwa mara mbili. Kama mwanga wote unapita kioo cha asilimia 70, kinachorudi ni chini ya nusu, asilimia 49. Kioo cha asilimia 35 kinarudisha takriban 12 tu. Cha asilimia 20 kinarudisha 4. Aliye ndani hupunguziwa mara moja tu, kwa hiyo anaona barabara vizuri na kushangaa watu wanalalamikia nini.

Usiku mambo hugeuka. Ukiwasha taa ya ndani, wa nje anakuona na wewe unaona kivuli chako kwenye kioo. Kwa hiyo dereva anayesimamishwa usiku anashauriwa awashe taa ya ndani na ashushe kioo mapema. Askari anayelisogelea gari asilojua ndani yake mna nani anasogea na hofu, na hofu ya mtu mwenye bunduki ni hatari kwa pande zote mbili.

Je, wajua kwamba tinti inamdhuru zaidi dereva mwenye umri mkubwa?

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni haifunguki tena kama zamani na lenzi imekuwa na manjano. Watafiti wa Marekani waliwapima madereva wa miaka ya ishirini na wa miaka ya sitini wakitazama kupitia kioo cha pembeni chenye tinti, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Walipima uwezo wa kutofautisha kitu na kilicho nyuma yake, mfano wa mtu mwenye nguo nyeusi kando ya barabara isiyo na taa. Tinti ilipunguza uwezo huo, na waliokuwa na umri mkubwa ndio walioathirika mapema zaidi.

Kioo cha pembeni ndicho dereva anachotazama anapoingia barabara kuu, anapokata kona, na anapochungulia kioo cha ubavuni kuangalia bodaboda inayopita. Giza la hapo halimhusu yeye peke yake.

Je, wajua kwamba macho ya dereva ni ishara ya barabarani?

Mtembea kwa miguu anayetaka kuvuka haangalii gari, anaangalia sura ya dereva. Ameniona? Amepunguza mwendo kwa ajili yangu au kwa ajili ya tuta? Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba madereva walisimama mara nyingi zaidi pale mtembea kwa miguu alipowatazama usoni. Mazungumzo hayo ya macho hayawezekani kupitia kioo cheusi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Katika miji yetu yenye vivuko vichache na wanafunzi wengi wanaotembea kwenda shule, kulinda kioo wazi cha dereva ni kumlinda mtoto aliyesimama ukingoni mwa lami.

Je, wajua kwamba kioo cheupe kinaweza kuzuia mionzi mibaya kuliko cheusi?

Madhara ya jua kupitia kioo ni ya kweli, na asiyeyakubali hajamtendea haki mwenye gari. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya mwanamume wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa ukielekea dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi nene, kana kwamba umezeeka miongo zaidi ya upande wa kulia. Dereva wetu anayekaa kulia angepata madhara hayo upande wa kulia.

Kinachofanya hivyo ni mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo rangi nyeusi si kipimo cha kinga. Mwaka 2016 daktari mmoja wa macho wa Marekani alichapisha vipimo vya magari 29. Vioo vya mbele vilizuia kwa wastani asilimia 96 ya mionzi aina ya A. Vioo vya pembeni vilizuia wastani wa 71, na tofauti ilikuwa kubwa: kuna gari lililozuia 44 tu. Siri ya kioo cha mbele ni utando wa plastiki uliobanwa katikati ya vioo viwili. Uko wazi, na unazuia.

Filamu za kisasa hufanya vivyo hivyo. Zipo filamu zisizo na rangi zinazozuia karibu mionzi yote ya urujuanimno na kuacha mwanga wa kawaida upite. Kwa Tanzania hili si jambo dogo: inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, na saratani ya ngozi imekatisha maisha ya wengi wao. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili yao, iitwayo Kilisun. Filamu angavu kwenye gari la familia yenye mtoto mwenye ualbino, au kwenye basi la shule, inastahili kutiwa moyo na hata kupunguziwa ushuru. Sheria ikikataza "filamu yoyote" bila kufikiri, itawaumiza hao hasa.

Je, wajua kwamba takriban nusu ya nguvu ya jua haionekani kwa jicho?

Nguvu ya jua inayotufikia imegawanyika: takriban nusu ni mionzi ya infraredi, isiyoonekana, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni mwanga tunaouona. Filamu ya rangi ya bei rahisi hupunguza zaidi ule unaoonekana, na kioo chenyewe kinapata moto. Filamu za seramiki zinalenga infraredi, kwa hiyo hupunguza joto bila kutia giza kubwa. Ni ghali zaidi, hilo ni kweli.

Jimbo la California lilijaribu kulazimisha vioo vya kupunguza joto kwenye magari mapya. Kanuni ilipitishwa mwaka 2009, na mwaka 2010 ikaachwa. Mojawapo ya sababu ilikuwa hofu kwamba vioo vyenye utando wa metali vingezuia mawimbi ya simu, na hata ya vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa miguuni mwa wafungwa walio nje kwa masharti. Kwa anayenunua filamu leo, hilo ni swali la kumuuliza muuzaji: ina metali au haina?

Je, wajua kwamba kuna filamu ya kuzuia wezi isiyo na rangi?

Katika miji ya Afrika Kusini, wezi huvunja kioo cha gari lililosimama kwenye taa za kuongozea magari, hunyakua mkoba na kutoweka. Wenye magari wakaanza kubandika filamu nene angavu inayokishikilia kioo kisimwagike kinapopigwa. Mwizi anapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na muda wake unakwisha. Kinga inatokana na unene na gundi. Rangi haina kazi hapo. Filamu ya namna hiyo ina tahadhari yake: gari likipinduka au kutumbukia majini, kioo kigumu kuvunjika kinaweza kumchelewesha anayetaka kutoka au kuokoa. Kwa vishandu wa bodaboda wanaopora simu kwenye foleni, dawa iliyo bora ni kupandisha kioo na kuweka simu mbali na dirisha.

Je, wajua kwamba kibali cha tinti kinaweza kugeuka mtego?

Nigeria ina sheria ya vioo vya giza tangu mwaka 1991, enzi ya utawala wa kijeshi. Sheria inakataza kioo kinachoficha walio ndani, isipokuwa kwa kibali cha polisi kwa sababu nzuri kama afya au usalama. Kwa miaka mingi vijana wenye magari ya namna hiyo walilalamika kwamba tinti ndiyo kisingizio cha kuwasimamisha, kuwapekua na kuwadai pesa. Malalamiko dhidi ya unyanyasaji wa polisi yalifikia kilele katika maandamano ya EndSARS ya Oktoba 2020. Mwaka 2025, polisi walipotangaza utaratibu mpya wa kuomba kibali kwa mtandao, mawakili walikwenda mahakamani kuupinga.

Sheria inayomwachia askari aamue kwa jicho lake kioo gani ni cheusi mno inafungua mlango wa rushwa. Dawa ni kifaa. Kipima tinti ni kidogo, kinatosha kiganjani, na kina mwanya katikati. Askari anashusha kioo nusu, anakifuta vumbi, kisha anaingiza ukingo wake kwenye mwanya. Upande mmoja kuna taa, upande wa pili kuna kipokezi, na namba inatokea kwenye skrini. Kwa vioo visivyoshuka kuna kifaa cha vipande viwili kinachobana kioo ndani na nje. Askari makini hupima kwanza kipande cha kioo chenye kiwango kinachojulikana, mbele ya dereva, ili wote wawili waone kifaa ni kizima. Namba hiyo haina upendeleo, na dereva anaweza kuipiga picha.

Je, wajua kwamba baadhi ya magari ya giza ya kutisha zaidi yalikuwa ya dola?

Nchini El Salvador, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikosi vya mauaji vilijulikana kwa magari ya Cherokee Chief yenye vioo vya giza. Watu walioingizwa humo wengi hawakurudi. Karibu nasi, kipindi cha uchaguzi wa Uganda wa Januari 2021, wafuasi wa upinzani walikamatwa na kupakiwa kwenye Toyota Hiace zenye vioo vya giza, nyingi bila namba za usajili. Raia waliziita "drone". Human Rights Watch iliandika habari zao katika ripoti ya mwaka 2022.

Hapa ndipo hoja ya usalama inapopimwa. Kama vioo vya giza ni hatari kwa sababu vinaficha uhalifu, basi hatari hiyo haiondoki kwa sababu aliye ndani ana kitambulisho cha serikali. Serikali inayomwambia mwenye daladala abandue tinti huku magari yake yakitembea na giza na bila namba haijajenga usalama wa umma. Imejichukulia peke yake haki ya kutoonekana. Yapo magari machache yanayohitaji kufichwa, kama ya viongozi wakuu au ya kulinda mashahidi. Orodha yake iwe fupi, iwe kwa mujibu wa sheria, na kila gari liwe na namba.

Je, wajua kwamba mmoja wa watu waliolindwa sana duniani alipanda gari la vioo vyeupe?

Mei 13, 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro akiwa kwenye gari la wazi. Baada ya hapo alijengewa magari yenye kuta za kioo kisichopenywa na risasi, na kioo hicho kilikuwa angavu ili waumini wamwone. Ulinzi wa mwili na uwazi vilikaa gari moja.

Sheria njema ingekuwaje?

Kutokana na yote haya, mambo matano yanatosha. Kwanza, sheria itaje namba: asilimia 70 kwa kioo cha mbele na vya pembeni mwa dereva, kwa gari lolote. Pili, magari ya abiria yawe wazi pande zote, bila filamu nyeusi wala mapazia yanayoficha, na taa za ndani ziwake usiku. Tatu, filamu angavu za kukinga jua na kuzuia wezi ziruhusiwe waziwazi, na familia zenye mahitaji ya kiafya zisaidiwe kuzipata. Nne, hakuna faini bila kipimo cha kifaa kilichokaguliwa. Tano, magari ya serikali yafuate sheria hiyohiyo, na yatakayosamehewa yatajwe na sheria.

Nchi yenye sheria ya namna hii haitahitaji operesheni ya wiki moja kila baada ya shambulio. Mwenye gari atajua kabla hajafika kwa fundi ni filamu gani halali, trafiki atakuwa na namba badala ya ubishi, na abiria ataona ndani ya gari kabla hajaweka mguu mlangoni. Hiyo ni haki yake, na haimgharimu mwenye gari kivuli chake.